Milango minane, milango minne au hosteli? Kwa mwenye lupango (kiwanja) Lubumbashi anayetaka kupangisha

Mama mmoja wa Katuba alinijia mwezi wa nane na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Fundi wake alikuwa amechora vyumba vinane vilivyojipanga kama herufi L, msalani mmoja kwenye kona, kisima katikati ya uwanja. Lupango wenyewe uko Kampemba, mita 15 kwa 25, ameachiwa na marehemu mumewe. Ushauri hakuutaka. Alitaka niichore ile karatasi vizuri kwa kompyuta ipate kupelekwa kupigiwa muhuri.

"Baba, ni milango minane tu. Mwisho wa mwezi watu wanane wananiletea kitu, na mimi nakaa."

Alipokuwa anaaga ndipo akakumbuka jambo jingine: kuna bwana mmoja anayetaka kumkodi lupango mzima kwa miaka mitano aufanye hosteli ya wanafunzi. Huyo bwana alikuwa tayari kutanguliza pesa. Basi nikamwomba siku tatu, nikamchorea namna tatu badala ya moja. Kazi yangu ni kuchora ramani na kukimbiza mafaili, na swali hili naletewa karibu kila kiangazi, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

Namna ya kwanza ni ile ya fundi, milango minane. Kila mpangaji ana chumba, au chumba na kisebule, halafu msalani, bafu, maji na uwanja ni vya wote. Namna ya pili ni milango minne iliyokamilika: vyumba viwili, sebule, jiko dogo, choo ndani, mita ya umeme ya peke yake. Ya tatu ni hosteli. Ukizitazama kutoka barabarani, zote tatu ni ukuta wa bloku, lango la chuma na malata (mabati) juu. Tofauti iko kwenye vitu viwili ambavyo mwenye lupango huvifikiria mwisho: karatasi inasema nyumba hiyo ni ya aina gani, na watu wangapi wanakaa juu ya shimo moja la choo.

Tuanze na karatasi.

Sheria yetu ya kupangisha hapa Kongo, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inagawa nyumba kwa matumizi. Kuna kupangisha kwa makazi na kuna kupangisha kwa shughuli za kijamii na kitamaduni. Biashara iko nje kabisa ya sheria hiyo, inashikwa na sheria za Ohada, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo Kongo ilijiunga nazo mwaka 2012. Hakuna mahali milango inapohesabiwa. Jumba la familia moja kule Golf na vyumba vinane vya Kampemba, kwa sheria hiyo, ni kitu kimoja: makazi.

Kwingine wanahesabu. Uingereza, kwa sheria ya makazi ya 2004 na kanuni zilizoanza Oktoba 2018, nyumba ya watu watano au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko au choo kimoja, inahitaji leseni yake, na chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kupungua mita za mraba 6.51. Marekani kuna kijiji cha jimbo la New York, Belle Terre, kilichopima kwa damu: ndugu mkae wengi mnavyotaka, lakini wasio ndugu mwisho wawili. Wanafunzi sita walikuwa wamepanga nyumba moja huko, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1974 kijiji kikashinda. Kipimo hicho ukikileta Lubumbashi, kila mpangaji atakuwa binamu kabla mkaguzi hajafika langoni.

Mtu anaweza kufurahi kwamba kwetu hakuna hesabu. Mimi sifurahi sana. Sheria ya kupangisha isipohesabu, kuhesabu kunaangukia kwa wengine: mtu wa urbanismu (mipango miji) anayelinganisha ramani na ukuta, mtu wa usafi wa komini (manispaa) anayefunua mlango wa msalani, SNEL (shirika la umeme) na waya zake, na siku ukuta ukimwangukia mtoto wa watu, hakimu. Kifungu cha 262 cha kanuni ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo tunaitumia hadi leo, kinamfunga mwenye jengo alipe hasara ya jengo lililoanguka kwa kukosa matunzo au kwa ubovu wa ujenzi. Hapo hauulizwi kama ulikuwa na milango minane au mmoja.

Sasa ujanja ambao kila mtu anaujua. Faili inapelekwa ikiwa na ramani ya nyumba ya familia moja, vyumba vitatu na sebule, kwa sababu hiyo inapita haraka. Ruhusa ikitoka, fundi anajenga milango minane. Tatizo ni kwamba ruhusa ya kujenga inafunika kile kilichochorwa. Kilichozidi hakina ruhusa, ni kama umejenga bila karatasi. Atakayekuja na kopo la rangi kuweka ukutani ule msalaba mwekundu wa jengo lisilo na ruhusa atakuwa na haki, hata kama nia yake ni nyingine. Na wewe, ukiwa umejificha, huna sauti ya kumjibu. Nimeona wenye malupango wakilipa kila mwaka kwa mtu tofauti kwa sababu ya ukuta uleule. Milango minne iliyochorwa kama milango minne inachelewa kidogo kutoka, lakini ikitoka unaweza kumwambia yeyote: nionyeshe hati yako ya kazi, na mimi nikuonyeshe ramani yangu. Na malipo yoyote yawe na risiti ya serikali, si mkononi mwa mtu.

Kuna kitu kinachotangulia hata ramani. Faili ya mteja wangu mmoja ilikaa miezi katika ofisi fulani kwa sababu alikuwa na fishi ya komini tu, karatasi ya kiwanja inayotolewa na komini, na yeye akiamini hiyo ndiyo hati ya lupango. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi, kifungu cha 219, kwamba haki ya kutumia kiwanja inathibitishwa na setifika ya usajili peke yake. Ardhi ni ya Serikali, wewe unapewa haki ya kuitumia. Mama yangu wa Katuba alikuwa nayo setifika, kwa jina la marehemu. Hilo nalo lilitaka safari yake ya mahakamani na kwa msajili kabla ya kuzungumza tofali hata moja. Kama yako iko hivyo, anza hapo, uache ramani ingoje.

Na sasa shimo. Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu kuliko pengine pote, maana hapa milango minane inashindwa bila mtu kuisukuma.

Kipimo kinachotumiwa sana na watu wa maji na usafi ni kwamba msalani wa shimo uwe angalau mita 30 mbali na kisima, na chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Haya, chukua lupango wa mita 15 kwa 25. Vuta kamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia. Ni mita 29 na kidogo. Yaani hata ukiweka kisima kwenye kona moja kabisa na msalani kwenye kona ya mwisho, bado hujafika 30. Na hapo hujamhesabu jirani, ambaye msalani wake uko nyuma ya ukuta wako, mita tatu kutoka kisima chako. Mama alicheka nilipomwonyesha kwa rula. Halafu hakucheka.

Anayekaa Lubumbashi anajua mvua ikianza mwezi wa kumi na moja kamba ya kisima inakuwa fupi kila wiki. Maji yanapanda. Shimo ambalo mwezi wa tisa lilikuwa kavu, mwezi wa pili chini yake kuna maji, na maji hayo ndiyo yale yanayovutwa kwa ndoo kwenye uwanja huohuo. Kipindupindu hakiji mjini kwetu kwa bahati mbaya.

Halafu idadi. Milango minane, tuseme watu watano kila mlango, ni watu 40. Katika kambi za wakimbizi, ambako watu wanahudumiwa kwa dharura, kipimo ni choo kimoja kwa watu 20. Fundi wetu alichora kimoja kwa watu 40, na kodi wanalipa. Ukiongeza cha pili, kinakula nafasi ya mlango mmoja. Shimo likijaa utachimba lipi lingine, wapi? Mita za mraba 375 zinaisha haraka mno ukiwa umeshasimamisha L yako.

Milango minne nayo si malaika. Choo cha ndani kinataka tangi la septiki na shimo la kunywea maji, na shimo hilo la kunywea linachafua ardhi vilevile, hata kama juu yake umeweka simenti na maua. Ndiyo sababu, kwa lupango wa ukubwa huu, ushauri wangu kuhusu kisima haubadiliki kwa namna yoyote ile kati ya tatu: maji ya kunywa yatoke Regideso (shirika la maji) au yanunuliwe, kisima kibaki cha kufua na kumwagia. Tofauti ni kwamba watu 20 wanaweza kuishi na tangi moja linalonyonywa kwa wakati. Watu 40 na shimo la wazi, hapana.

Umeme nitaupitia upesi. Milango minane kwa kawaida inakuwa na mita moja, na waya zinazogawanywa na kijana wa mtaa. Kuna mwenye friji, kuna mwenye taa moja, na kuna anayepiga pasi usiku. Kila mara umeme wa kulipia ukiisha, kikao cha uwanja. Ugomvi ni jambo dogo, waya ndiyo kubwa: waya mmoja unabeba kilichopaswa kubebwa na nne, unapita juu ya dari ya mbao. Ukikatika umeme, kila mtu anatoa mbabula (jiko la makaa) mlangoni. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba wapo wanaoiingiza chumbani na kufunga dirisha, na moshi wa makala usioonekana unaua mtu usingizini. Chumba cha mlango mmoja na dirisha dogo ndicho kibaya zaidi kwa hilo. Kwenye milango minne nilichora jiko lenye matundu ya hewa juu na mlango wake wa nyuma, na mita nne. SNEL itakuchosha kwa mita nne, lakini utachoka mara moja.

Mapato je? Mama alikuwa na haki kuuliza, maana ndiyo sababu anajenga. Sitaandika bei, maana bei ya Bel-Air si ya Kigoma, na ya mwaka jana si ya mwaka huu. Lakini hesabu iko hivi: mlango kamili mmoja ukilipa mara mbili ya chumba, minne na minane vimelingana. Kisha toa vyumba vinavyokaa wazi. Mpangaji wa chumba anahama akipata kazi, akioa, akigombana kuhusu ufagio. Familia yenye choo chake ndani na mtoto shuleni karibu haihami hovyo. Kila anapohama mtu kuna kamisionere (dalali), kuna rangi, kuna mwezi umepotea. Kwa upande mwingine, ukweli usemwe: milango minne inakula simenti, mabomba na vigae zaidi, na mwenye pesa ya kusimamisha vyumba vinane anaweza kukwama katikati ya mlango wa tatu. Mama alikuwa huko.

Garanti (amana ya mpangaji) nayo inachanganya wengi. Sheria ya 2015 imeweka mwisho wa miezi mitatu kwa makazi. Mtaani wanaomba zaidi, tunajua, na wapangaji wanatoa. Lakini aliyechukua zaidi, siku mpangaji anapompeleka ofisi ya habita (makazi), anaingia akiwa ameshainamisha kichwa. Tena ile si pesa yako, ni ya kurudisha. Mwenye milango minane anayejengea malata kwa garanti za watu wanane anajenga kwa deni la watu wanane, na watatu wakiondoka mwezi mmoja utamwona anakimbia kwa shemeji. Mkataba uandikwe, hata wa chumba kimoja. Notisi ya kuachana ni miezi mitatu, na hali ya nyumba iandikwe siku ya kuingia: vioo vingapi, kitasa kipi kimevunjika. Kwenye nyumba ya kushirikiana andika pia nani anaosha msalani na siku gani. Mtu atacheka, lakini karibu kila kesi ya uwanja niliyoisikia ilianzia hapo.

Tumfikie yule bwana wa hosteli, kwa sababu pesa yake ilikuwa mezani na ndiye aliyenitia wasiwasi.

Kwa jicho la kwanza ni raha. Mtu mmoja, malipo mamoja, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wengi kuliko vitanda vya kampasi yake ya Kasapa, na wanatafuta vyumba mji mzima. Lakini tazama ulichofanya. Huyo bwana hakai humo. Anafanya biashara humo. Mkataba wako naye umetoka kwenye sheria ya makazi, umeingia kwenye Ohada. Na Ohada inampa mfanyabiashara kitu ambacho mpangaji wa chumba hana: akishaendesha shughuli yake humo miaka miwili, amepata haki ya kudai mkataba urudiwe. Ukikataa bila sababu ambazo sheria inazikubali, kama vile kosa zito alilofanya au kubomoa ili ujenge upya, unamlipa fidia ya kumtoa. Ukitaka kumwondoa kwa kutolipa, ni barua ya kumwonya ya mwezi mmoja kisha mahakama. Mama alidhani anakodisha kwa miaka mitano. Angeweza kujikuta amekodisha kwa kumi.

Kuna tena upande wa karatasi ya lupango. Mkataba wake na Serikali umeandikwa makazi. Vitanda thelathini vya kulipia, na mpishi, na mlinzi, si makazi tena, hata bango likisema "Nyumba ya Amani". Mkaguzi akija, anamkuta nani? Bwana amesafiri. Setifika ina jina la mama.

Kuiendesha hosteli mwenyewe ni jambo jingine, na sikatai. Hapo wewe ndiye mfanyabiashara: patente (kibali cha biashara ndogo) au usajili wa biashara, ngazi na milango ya kutokea inayofunguka kwa nje, vizima moto, vyoo vya wasichana mbali na vya wavulana, mtu wa kulala humo. Anayeweza hayo ana nguvu zake. Mjane wa miaka sitini na mbili mwenye goti bovu, nilimwambia hapana.

Kwa hiyo nani achague nini? Milango minane ningeikubali kwa mwenye lupango wa mita 20 kwa 30 kwenda juu, mwenye bomba la Regideso linalotoa maji kweli, anayekaa humohumo na kuona kila asubuhi nani ametupa nini wapi. Na vyoo viwe vitatu, vichorwe kwenye ramani tangu mwanzo. Ukiwa na nafasi hiyo na macho hayo, nyumba ya kushirikiana si dhambi, wengi wetu tumelelewa humo, na jirani wa ukuta mmoja amelea watoto wa watu. Mwenye lupango mdogo, au anayekaa mbali, au anayetaka mkaguzi akija amkaribishe kiti, ajenge michache iliyokamilika. Hosteli ya kukodisha kwa mtu mwingine, usisaini kabla mwanasheria hajasoma, na mwanasheria awe wako, si wake.

Mama alinisikiliza, akarudi nyumbani, akakaa wiki mbili. Aliporudi alikuwa na wazo lake, si langu.

"Minne ya wapangaji. Na wa tano mdogo, pale langoni, wangu mimi. Ile ya Katuba nitamwachia mtoto."

Nikachora mitano. Mmoja una chumba kimoja tu, unatazama lango na uwanja wote. Tangi la septiki nikalisogeza mbele karibu na barabara, kwa sababu lori la kunyonya halifiki nyuma, na mpira wake una mwisho. Kisima kimewekewa mfuniko wa zege na kimeandikwa kwa rangi: KUFUA TU. Jengo tumeligawa mara mbili kwenye ramani, pesa ikiisha pasimame pazuri. Milango miwili ya kwanza imefika kwenye malata kabla ya mvua. Fundi hanisalimii tena. Anasema nimemnyima vyumba vitatu.